Herufi za Ukutani Hazitulii

Siku ya tano mfululizo, herufi zilikuwa zimerudi kuwa ndogo.

Mama Mwiko alisimama mbele ya ukuta wa jiko la hospitali, pua ikikaribia kugusa karatasi, mvuke wa masufuria ukimpanda mgongoni. Orodha ya vyakula vya wagonjwa ilibandikwa pale kila alfajiri: huyu bila chumvi, yule bila sukari, wa tatu asipewe kitu mpaka daktari aseme. Kwa macho ya wenzake ilikuwa orodha. Kwa macho yake ulikuwa msafara wa sisimizi.

"Umeanza tena kuinusa?" akauliza mwosha vyombo, mikono ndani ya povu. "Haijaungwa hiyo, dada."

"Naangalia kama gundi imeshika."

Jana alisema anatafuta nzi. Juzi alisema mikono ina unga, asomewe. Uongo nao una akiba yake, na yake ilikuwa imefika kwenye ukoko.

Macho yalianza kufifia mwaka jana, kidogo kidogo, kama mgeni anayeaga huku amekaa. Hakumwambia mtu. Mpishi aliyemtangulia aliposema masikio yamepungua, alifanyiwa sherehe, akapewa chupa ya chai, akapelekwa kupumzika. Kupumzika! Mama Mwiko alikuwa amepikia wajenga barabara, wanafunzi wa bweni, abiria wa treni. Maisha yake yote hakuwahi kukaa mahali mpaka kiti kipate joto. Jiko hili peke yake ndilo lililomshika miaka kumi na tisa, na lilimshika kwa sababu ndani yake hakuna anayekaa. Nyumbani angefanya nini? Ahesabu mabati?

Basi akabuni hila. Alimwomba karani wa jiko akuze herufi za orodha, kisingizio mvuke. Karani alikubali bila neno. Alikuwa mtu mzima mwenye upara, wakamwita Kipanya kwa jinsi alivyobofya upesi kuliko alivyofikiri. Orodha ya mchana, aliyoichapa mwenyewe, ilitoka na herufi kama za bango. Balaa lilikuwa la asubuhi. Kipanya alifika saa mbili. Staftahi ilipakuliwa saa kumi na mbili, kwa orodha aliyoichapa nesi wa zamu ya usiku baada ya kuongeza wagonjwa wapya kwenye faili lile lile. Na kila alfajiri, faili lilifunguka na herufi kiduchu, kana kwamba hakuna aliyeligusa.

Na jana ndipo mambo yalipoharibika. Uji wenye chumvi ulikwenda kitanda cha tisa badala ya cha sita. Wa tisa figo zake zilikuwa mbovu, chumvi kwake ni sumu. Nesi aliuonja kwanza, akaurudisha. Aliyejua kosa lilitoka wapi alikuwa mmoja tu, naye usingizi ulimpaa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hiki kingemuumbua kwa kumchukua mtu mwingine.

Saa tatu, Bibi Lishe, afisa kijana aliyetembea na ubao wa karatasi kifuani kama ngao, akaingia jikoni.

"Mama, shikamoo. Kuanzia kesho asubuhi, kila sinia utalisoma kwa sauti kabla halijatoka. Mimi nitakuwa hapo natia alama."

"Marahaba, mwanangu. Hakuna neno," akasema Mama Mwiko, na mwiko ukamponyoka, ukazama kwenye supu.

Saa nane alikuwa ofisini kwa Kipanya, akitembea kutoka dirishani hadi kabatini na kurudi.

"Dada, kaa basi. Unanitia kizunguzungu."

"Nitakaa nikifa. Nani anazigusa hizi herufi? Yule nesi?"

"Nimempigia simu hadi nimemwamsha. Anasema yeye anaandika majina na kuchapa, herufi hana ugomvi nazo."

"Basi mashine yako ina pepo."

"Nimeshalipunga!" Kipanya akaanza kuhesabu kwa vidole. Alikuwa amebadilisha fonti kwenye mipangilio ya programu. Ikabadilika kwa mafaili mapya tu, hili la zamani likakaa kama nyumbu. Alikuwa amezima kompyuta na kuiwasha. Alikuwa ameifuta programu, akaiweka upya. "Sasa tazama. Nachagua jedwali zima, hivi. Naweka ishirini na nne. Nakoleza. Nahifadhi."

Ting, ikalia kompyuta. Kipanya akabofya upesi.

"Tayari. Sasa nalifunga, nalifungua."

Herufi zikarudi ndogo. Kipanya akajishika upara.

Mama Mwiko alikuwa amesimama katikati ya chumba. Mtu ambaye macho yanamtupa mkono, masikio humwongezea posho.

"Hicho kilicholia ting, kimesema nini?"

"Hakuna kitu, dada. Kisanduku tu. Kinatokea kila nikihifadhi, nabonyeza ndiyo."

"Ndiyo kwa nini?"

"Ndiyo… ili kiondoke."

"Kaka yangu. Mtu anakugongea mlango kila siku, unamwitikia ndiyo, hujawahi kumuuliza shida yake?"

Kipanya akahifadhi tena. Ting. Safari hii akakitoa kidole kwenye kipanya, akasoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza:

"Aina hii ya faili hutunza maneno na namba tu. Ukubwa na sura ya herufi vitapotea. Lihifadhiwe hivyo hivyo?"

Feni ikazunguka.

"Na wewe ukasema ndiyo," akasema Mama Mwiko.

"Siku tano." Kipanya akaangua kicheko, akaona haya, akakimeza. Faili lilikuwa limetoka masjala hivyo tangu siku ya kwanza, maandishi matupu, naye hakuwahi kutazama aina yake. Akalihifadhi upya kama jedwali kamili. Akalifunga, akalifungua. Herufi zikabaki zimesimama, nene, kubwa. Akalifuta lile la zamani, akamwandikia nesi ujumbe afungue jipya.

Alfajiri, karatasi tatu zilitanda ukutani. Mama Mwiko aliziona tangu mlangoni. Bibi Lishe akafungua kalamu.

"Kitanda cha kwanza, laini!" akasoma Mama Mwiko, sauti ikijaa jiko. "Cha sita, kawaida! Cha tisa, bila chumvi!"

Mwosha vyombo akanong'ona, "Leo tuna mwadhini." Masinia yakatoka moja moja, mpaka likabaki la mwisho.

Chini ya karatasi ya tatu, nesi alikuwa ameongeza mstari kwa kalamu. Mgonjwa wa alfajiri, aliyeingia orodha ikiwa imeshachapwa. Mwandiko mdogo, wa haraka. Sisimizi wale wale.

"Endelea, mama. Cha kumi na nne."

Angeweza kubahatisha. Wengi hula kawaida. Mkono ulikuwa tayari juu ya chungu cha uji wa chumvi, na midomo imeshaanza kulifinyanga neno. Akasikia ting ya jana kichwani. Akarudisha mkono.

"Sioni," akasema.

"Mwandiko mbaya?"

"Macho mabaya. Mwaka sasa. Na uji wa juzi wa kitanda cha tisa, ni mimi."

Maji ya mwosha vyombo yakaacha kuchuruzika. Bibi Lishe akausogelea ukuta, akasoma mwenyewe: "Asile kitu. Upasuaji saa tatu." Akaliondoa sinia la kumi na nne. Akaandika kitu kirefu kwenye ubao wake.

"Ya juzi nitayapeleka juu, mama, sina budi. Wakikuita, nitasema na ya leo, kwamba umesema mwenyewe. Ila sasa hivi vua aproni, nenda chumba cha macho kabla foleni haijajaa."

Saa moja ilimkuta kwenye benchi, akisimama na kuketi, kusimama na kuketi, mpaka mgonjwa jirani akamuuliza kama benchi lina misumari. Hatima yake haikuwa imesemwa na mtu. Alipoitwa, mtaalamu alimkalisha mbele ya ubao mweupe wa herufi: ya juu kubwa kama sufuria, za chini zikizidi kupungua, mstari kwa mstari, hadi vumbi.

"Soma, mama, mpaka utakapoishia."

Mama Mwiko akautazama ubao, akacheka peke yake.

"Na huyu aliyeandika hapa," akauliza, "naye alibonyeza ndiyo?"