Stata ya Gari la Baba

Nilitoka zamu Jumamosi nikiwa sina hamu hata ya kusalimiwa. Nafanya kazi kwenye sehemu ya dobi ya hospitali, upande wa kupiga pasi mashuka, na siku hiyo mwenzangu hakutokea, kwa hiyo nilibeba kazi yake na yangu. Miguu imevimba, mikono inanuka sabuni. Nilichotaka ni ndoo ya maji ya moto na mtu yeyote asiniite.

Nafungua geti, namkuta Baba amekaa kwenye kigoda kando ya gari. Boneti iko wazi, na mapajani kwake kuna kitu kizito kimefungwa kwa magazeti.

"Umefika," akasema. "Haya, vaa nguo za kazi. Stata imepatikana."

Nikaishiwa nguvu palepale, na si kwa sababu ya mashuka. Niliishiwa nguvu kwa sababu ile stata mbovu, mota ya kuwashia gari, ndiyo peke yake nyumbani kwetu iliyokuwa na ujasiri wa kumkatalia Baba.

Baba aliendesha malori maisha yake yote. Mtaa mzima unamwita Dereva, hata watoto ambao hawajawahi kumwona kwenye lori. Mwaka jana macho yakaanza kumgomea. Siku moja aligonga geti la jirani, akashuka, akalipapasa, akasema geti limesogezwa. Mama, aliyekuwa kwenye gari, akasema kweli, limesogezwa. Hivyo ndivyo tunavyoishi. Kwetu Baba haambiwi kitu, anazungukwa. Chai yake inawekwa mezani kwa kishindo ili ajue kikombe kiko wapi. Viatu vyake vinakaa mahali palepale, na ole wake atakayevisogeza. Hatukuwahi kukaa kikao tukakubaliana. Tulijikuta tu.

Gari lilipokataa kuwaka, sote tulishusha pumzi. Baba alihuzunika, nasi tukahuzunika naye kwa midomo. Kaka yangu, mwenye maneno matamu na mikono isiyojua grisi, akasema spea ya gari lile haipatikani mjini. Akaenda tena kuitafuta, au alisema ameenda, akarudi na jibu lilelile. Mama akasema huenda ni heri. Mimi sikusema kitu, na kwetu kunyamaza ni kudanganya bila kujichosha.

Shida ni kwamba Baba alikuwa ameshatoa ahadi. Binti yangu ameanza darasa la kwanza. Shule iko ng'ambo ya barabara kuu, ile inayopita malori, na kila asubuhi namkokota nikiwa tayari nimechelewa kazini. Basi Baba akatangaza mbele ya chakula: gari likiwaka tu, yeye ndiye atakayempeleka mke wake shuleni na kumrudisha, kila siku ya Mungu. Mke wake ndiye huyo binti yangu. Mama akasema mtoto atafurahi. Mtoto akafurahi kweli, akacheza akizunguka meza. Mimi nikamwambia akae, amalize chakula chake.

Alipochoka kumsubiri kaka, Baba alimpigia simu mtu aliyekuwa utingo wake enzi za malori. Utingo hajui mambo yetu ya kuzungukana. Alitafuta stata siku moja, akaipata, akaileta mpaka mlangoni. Na keshokutwa ilikuwa Jumatatu.

"Si tumwite tu fundi wa pale kona?" nikasema. "Wiki ijayo, akipata nafasi."

"Fundi wa nini? Bolti mbili na waya mbili? Mgongo tu ndio unanisumbua, la sivyo ningekuwa nimeshamaliza."

Mgongo. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amebeba mtungi wa gesi kutoka getini mpaka jikoni akipiga mluzi.

Nikavaa dera kuukuu juu ya suruali, nikatoka. Bado nilikuwa na tumaini moja. "Labda ni betri, Baba."

"Usiniletee habari za betri. Ingia, hakikisha gia iko huru, washa taa kubwa, halafu piga stata. Wewe tazama taa ukutani. Mimi nasikiliza."

Ukuta wa jikoni ulikuwa kivulini, na mwanga wa taa ulionekana vizuri. Nikageuza ufunguo. Tak! Mlio mmoja mkavu, basi.

"Zimefifia?"

Hapo nilitamani kusema ndiyo. Ningesema zimefifia, tungehangaika na betri ya watu mpaka mwezi uishe. Lakini sauti yake ilikuwa na hamu kama ya mtoto anayeuliza kama ni sikukuu.

"Hazijafifia."

"Umeona? Betri ingekuwa imechoka, taa zingezimia. Umeme unafika, mashine haizunguki. Sasa tulinyanyue."

Tukaweka mawe nyuma ya matairi, nikapiga jeki, tukaliegesha gari juu ya magogo mawili. Nikalala juu ya gunia, nikajivuta chini yake. Mgongo wangu, ambao hakuna aliyeuuliza hali, ukalia. Baba akaingia kwenye usukani, akaniambia niigonge stata kwa mpini wa spana, taratibu, yeye akigeuza ufunguo. Nikagonga. Injini ikajizungusha mara moja kwa uvivu, ikakohoa, ikanyamaza. Tulipojaribu tena ilikuwa tak, na tak nyingine.

"Kaboni za ndani zimelika," akasema akishuka. "Ukiigonga zinashika kidogo, halafu basi. Hiyo imekufa, mwanangu. Tuizike."

Aliingiza mkono chini ya boneti, akaufuata waya wa hasi kwa vidole mpaka kwenye betri, akaufungua mwenyewe. Hiyo kazi hakumwachia mtu. "Umeme hauna udugu," akasema. Kisha akakaa kwenye kigoda chake, na mimi nikaanza kuhangaika na nati ya waya mnene unaoingia kwenye stata. Ilikuwa imeganda kwa kutu. Nilivuta mpaka machozi yakanitoka, nikalitukana gari, nikamtukana kaka yangu kimoyomoyo, ndipo ikalegea. Nikampa Baba nati mkononi aitunze.

Ikamponyoka.

Kutoka chini ya gari nilikuwa naona sakafu na miguu yake. Nati ilijiviringisha, ikasimama juu ya saruji, kwenye jua kali, karibu na kidole gumba cha mguu wake wa kulia. Hata mtu mwenye usingizi angeiona. Mkono wa Baba ukashuka, ukaanza kupapasa upande wa kushoto. Ukaenda mbele, ukarudi nyuma, ukapita juu ya ufa wa saruji, ukashika kokoto, ukaiacha.

"Nati za siku hizi zina miguu," akasema na kucheka peke yake.

Nilijua haoni vizuri. Sikujua ni kiasi hicho. Nikawaza barabara kuu, nikawaza mtoto wangu na begi lake la shule, amekaa karibu na mtu asiyeona nati mguuni kwake. Na unajua nilifanya nini? Nilinyoosha spana, nikaisukuma ile nati polepole mpaka ikagusa vidole vyake.

"Hii hapa," akasema. "Ilikuwa inajificha."

Nikachomoa waya mwembamba wa swichi, nikafungua bolti mbili, stata ikanishukia kifuani na uzito wake wote. Nilipotoka nje, Baba aliziweka zote mbili mapajani, ya zamani na hii nyingine, akazikagua kwa vidole. Alihesabu meno ya gia ya mbele kimyakimya, akaingiza kidole kwenye matundu ya bolti, akapima urefu kwa shubiri. "Pacha," akasema. "Irudishe kama ulivyoitoa. Ifute uchafu pale inapokaa, chuma kiguse chuma."

Nilipokwisha kukaza bolti na ule waya mnene, wazo likanijia: huu waya mwembamba nikiuacha umelegea, nani atajua? Gari halitawaka, Baba atasema utingo kaleta takataka, tutapata mwezi mwingine wa kupumua. Nilikuwa nimeushika kabisa. Lakini nilikuwa nimechoka. Nimechoka na mashuka ya wagonjwa, ndiyo, ila nilichoka zaidi na kikombe cha kishindo na viatu visivyosogezwa na geti linalotembea. Nikauchomeka ule waya mpaka mwisho.

Tukalishusha gari. Baba akafunga waya wa hasi, akaukaza, akautikisa. "Piga."

Nikaingia, nikageuza ufunguo. Halikusita hata kidogo. Likawaka kwa pigo la kwanza, likatulia, likawa linanguruma vizuri kama lililotoka kiwandani. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Binti yangu akatoka nyuma yake akikimbia, viatu vya shule mguuni siku ya Jumamosi, akafungua mlango wa nyuma, akapanda.

"Babu, twende!"

"Twende, mke wangu. Tunazunguka mtaa, tunawapigia honi." Baba akaja upande wangu, akafungua mlango. Uso ulikuwa unang'aa. "Shuka, nipishe."

Sikushuka.

"Hebu shuka."

"Baba," nikasema, "huoni."

Mama akasema, "Wee!" kwa sauti ndogo, kana kwamba nimemwaga maziwa.

Nikashindwa kujizuia. Nilisema yote palepale, injini ikinguruma, nikilia kwa uchovu na hasira. Nikasema nati ilikuwa kidoleni kwake, mimi ndiye niliyeisukuma. Nikasema geti la jirani halijawahi kusogezwa na mtu. Nikasema mtoto wangu hapandi gari analoendesha yeye, si leo, si Jumatatu, hata akinifukuza nyumba hii.

Baba alikuwa ameshika mlango. Hakupandisha sauti. "Umejua tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Na mama yako?"

Mama akatazama mwiko wake.

"Na kaka yako?"

"Sote, Baba."

"Sote," akarudia. Akatikisa kichwa. "Mimi nilimwahidi mtoto mbele yenu makusudi. Nikasema moyoni, ikifika kwa mtoto hawatavumilia, sasa watanikataza. Nikangoja. Mama yako akasema atafurahi. Kaka yako akaleta hadithi za spea. Nikasema basi, niitafute stata mwenyewe, tuone. Wewe ukaingia chini ya gari."

"Kwa nini hukusema wewe?"

"Kusema mimi?" Hapo ndipo sauti ilipomkatika. "Nikae nijivue udereva mwenyewe, kwa mdomo wangu? Siwezi. Usinione mtu mzima ukadhani nina akili. Usingesema, ningeendesha. Ningempakia huyu mtoto na ningeendesha." Akakaza mkono kwenye mlango. "Nanyi mngekaa hapo mlangoni mnatupungia mikono."

Na ni kweli, tungewapungia. Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi, upande wa kanga usoni. Kule nyuma binti yangu aliuliza kama safari imevunjika.

Baba akauachia mlango. Nilidhani anaingia ndani kulala, na kwamba hatanisemesha tena mpaka nizeeke. Badala yake akaweka kiganja juu ya boneti, akalizunguka gari kwa mbele, mkono haubanduki kwenye bati, mpaka upande wa abiria. Maisha yake yote hakuwahi kupanda gari lake kwa upande ule. Alipapasa kioo cha pembeni, akapapasa dirisha, akarudi tena kwenye kioo, akitafuta pa kufungulia.

Mkono wangu ulishaanza kwenda wenyewe kumfungulia kwa ndani, kimyakimya, kama kawaida yetu. Nikaurudisha kwenye usukani.

"Kulia kidogo, Baba," nikasema kwa sauti, Mama asikie, mtoto asikie. "Shusha mkono. Hapo."