Rundo la Jumamosi

Kwa miaka thelathini na mmoja Bibi Fagio alifagia wodi za hospitali, na siku aliyostaafu akapewa saa ya ukutani na maneno matamu. Binti yake akamwekea kiti barazani, akamwambia, "Mama, sasa pumzika." Akapumzika miezi minane. Kupumzika kukamchosha kuliko kupiga deki wodi nzima.

Ndipo wifi yake, mshona sare za shule anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwake, alipomvuta kwenye kundi la watu wanaojitolea kutunza bwawa dogo nyuma ya maktaba. Si bwawa la kutisha. Mwenye mkono mzuri angerusha jiwe likafika ng'ambo. Lakini lilikuwa limesongwa na magugu maji mpaka maji yenyewe hayaonekani, na kila Jumamosi watu tisa walivaa buti za mpira wakaingia kulifungua kidogo kidogo. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu, mama wa makamo anayefundisha baiolojia sekondari, mwenye sauti ya chini inayowafanya watu wanyamaze wapate kumsikia. Na alikuwepo Kinyozi, ambaye mdomo wake ulikwenda sawa na mkasi wake. Jina la Bibi Fagio ni yeye aliyelitoa, tena siku ya kwanza.

Alikuwa na sababu. Siku hiyo Bibi aliyafagia majani makavu yote chini ya miti, pakawa peupe kama sebule inayongoja wageni. Mwalimu akamwambia polepole, "Mama, haya huwa tunayaacha. Wadudu wanalala humo." Wiki mbili baadaye Bibi akakuta kisanduku cha vipande vya mianzi kwenye ukuta wa banda la vifaa, kilichotundikwa ili nyuki wadogo wapate makazi. Akakisugua kwa maji ya sabuni mpaka kikang'aa.

Kinyozi alicheka akashika kiuno. "Nyuki wakirudi, Bibi, watadai na mashuka."

Bibi naye alicheka. Lakini jioni hiyo, akikunja magunia nyuma ya banda, alimsikia Kinyozi akimwambia Mwalimu, "La tatu likitokea, mimi nasema tumkabidhi birika."

Birika lilikuwa la chai ya kundi. Mwenye birika alikaa kivulini akingoja maji yachemke, huku wenzake wakichafuka na kucheka ndani ya bwawa. Kinyozi alisema kwa mzaha tu. Hata hivyo Bibi alirudi na neno lile nyumbani, akala nalo, akalala nalo. Kiti cha kukaa na kutazama alikuwa nacho tayari, pale barazani. Hakutaka cha pili.

Jumamosi iliyofuata walivuta magugu maji tangu asubuhi, wakayarundika ukingoni, rundo likafika kifuani mwa mtu. Kazi ilipokaribia kwisha Kinyozi akajikata kidole gumba kwa kipande cha chupa. Akakaa kwenye nyasi akikitazama kidole chake kama kitu cha jirani. Bibi akakimbilia maktaba kuomba dawa ya kidonda, akapita bombani kuchota maji, akarudi akiwa hana pumzi. Akamsafisha, akachana kipande cha kitambaa chake cha kichwa, kile cha maua ya njano alichokipenda, akamfunga.

"Kitambaa kizuri hivi, Bibi?"

"Kidole chako ndicho kinachomnyoa mjukuu wangu. Tulia."

Alipomaliza kukaza fundo, wenzake walikuwa wanavua buti.

Jumapili aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akawa analifikiria lile rundo. Mambo nusunusu hayakumpa usingizi hata enzi za hospitali. Akasema moyoni, nitawafanyia wenzangu jambo, Jumamosi wakija wakute ukingo msafi. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa bwawani na toroli. Alizoa mizigo kumi na mitano, yote akaimwaga kwenye shimo la mboji nyuma ya banda. Wa kumi na sita ukakwama kwenye mzizi. Kijana wa manispaa mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, aliyekuwa akimwaga mapipa ya taka, akaacha gari lake akaja akalinyanyua toroli bila kuombwa.

"Mama, wewe huna watoto wa kukusaidia?"

"Ninaye. Ndiye aliyeniambia nipumzike."

Kijana akacheka, akaenda zake. Bibi akafunika shimo kwa magunia, akayalowesha kwa ndoo tatu za maji ili nzi wasije, kisha akafagia ukingo. Akarudi nyumbani akiwa mwepesi kama aliyepunguziwa miaka ishirini.

Saa nne alikuwa barazani na kikombe cha chai alipomwona wifi yake anakuja na simu mkononi, mwendo wa shari.

"Wifi, umesikia? Watu wa manispaa wamezoa rundo letu lote. Mwalimu ameenda kuangalia, kakuta pamefagiwa."

Bibi akaweka kikombe chini. "Si uchafu tu ule?"

"Uchafu? Kwani hukumsikia Mwalimu jana? Alisema safari hii tuliache mpaka Jumatatu. Mle ndani mna konokono, viluwiluwi, watoto wa kereng'ende, sijui nini. Ukiliacha ukingoni, wanajitoa wenyewe wanarudi majini. Sasa wote wamepelekwa dampo na hili jua." Wifi akaketi kwa nguvu, kiti kikalalamika. "Kinyozi anaandika barua. Mpita njia mmoja kamwona kijana wa kizibao cha chungwa kwenye lile rundo asubuhi. Kinyozi anataka asimamishwe kazi."

Bibi akakisogeza kikombe kando. Alikuwa anahesabu, na hesabu ilikuwa fupi: kufagia majani, kuosha kisanduku, na hili. La tatu. Akaliona birika mbele yake, na kivuli, na kile kiti.

Hakuna aliyejua kwamba ni yeye. Angeweza kunywa chai yake. Lakini kijana yule alikuwa ameacha kazi yake akaja kumnyanyulia toroli. Na shimoni, chini ya magunia, palikuwa na viumbe vinavyotafuta maji.

"Wifi," akasema, "nisogezee buti zangu. Dampo hawajafika. Najua walipo."

Wifi alimtazama, akaziangalia buti zilizokuwa mlangoni na tope bichi, akaelewa.  Alimsogezea buti, na njiani akamshika mkono kama wanavyoshikana wasichana wakitoka kisimani.

Bwawani walimkuta Mwalimu amesimama kwenye ukingo uliofagiwa, na Kinyozi ameketi juu ya ndoo na daftari gotini. Watu wengine watatu walikuwa wamefika kwa hasira.

"Bibi, njoo unisaidie," Kinyozi akasema. "Neno 'uzembe' nimeshaliandika mara mbili. Lipi kali zaidi?"

"Andika jina langu," Bibi akasema. "Nimelizoa mimi. Yule kijana alinisaidia toroli lilipokwama, basi. Kila kitu kiko kwenye shimo la mboji. Mnisamehe, na tufanye haraka, maneno yenu nitayasikiliza baadaye."

Kalamu ya Kinyozi ilibaki hewani. Mwalimu ndiye aliyeuliza, kwa sauti ileile ya chini, "Umeyafunika, Mama?"

"Kwa magunia. Nikayalowesha. Niliogopa nzi."

Mwalimu akashusha pumzi ndefu. "Basi wengi wako hai."

Wakakimbia. Walileta mabeseni, ndoo, na chujio la chai. Wakachota magugu konzi kwa konzi, wakayatandaza juu ya gunia, wakatafuta. Mwanzoni wenzake waliona matope tu. Bibi alipiga magoti, akainamisha kichwa upande, akanyoosha kidole. "Huyu hapa. Na huyu. Yule anajifanya jani." Konokono wadogo kama punje za mchele, mtoto wa kereng'ende mwenye rangi ya tope lenyewe, viluwiluwi waliojikunja kwenye bua. Mkono wake ulikwenda bila kusita.

"Macho gani haya?" mmoja akauliza.

"Mwanangu, nimefagia chini ya vitanda miaka thelathini na mmoja. Nimeokota hereni, vifungo, mara moja meno ya bandia ya mzee mzima, na mwenyewe anaapa kwamba si yake."

Walicheka mpaka chujio likatetemeka. Hata Kinyozi alijisahau akaingiza mkono shimoni, akautoa na ruba, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Bibi akambandua ruba taratibu, akamweka kwenye beseni. "Na yeye ana kwao," akasema.

Karibu na chini ya shimo, vidole vyake vikagusa kitu laini. Akakivuta. Kilikuwa kipande cha kitambaa cha maua ya njano, kimelowa tope, fundo bado limekaza.

"Kilinichomoka jana nilipotupia konzi ya mwisho juu ya rundo," Kinyozi akasema. Akakishika, akakitazama muda. Kisha akamgeukia Mwalimu. "Ulipotuambia jana tuliache rundo, Bibi alikuwa wapi?"

Mwalimu akafikiri. "Sikumwona."

"Alikuwa ameenda kunitafutia dawa. Tulisikia sote isipokuwa yeye. Na mimi hapa nimekaa ninaandika uzembe." Akachana ukurasa wa barua, akaukunja, akautia mfukoni. Hakuwa na mzaha hata mmoja, na hilo kwake lilikuwa kama mtu mwingine kupiga magoti.

Adhuhuri walikuwa wamerudisha mabeseni kumi na moja bwawani. Mwalimu akapangusa mikono, akasema jambo lake kama kawaida, taratibu. "Kuanzia sasa rundo halitoki ukingoni mpaka Mama alikague. Akisema limebaki magugu matupu, ndipo tunazoa. Mama, utaweza kuja kila Jumatatu?"

"Nitaweza," Bibi akasema. Akainama, akajifanya anapangusa tope kwenye buti.

Kijana wa manispaa alipita na gari lake, akawaona watu wazima wamechafuka hadi nyusi, akapunguza mwendo. Wifi akamwita, akampa mkono, akamwambia karibu chai bila kumweleza kwa nini.

"Chai yenyewe iko wapi?" kijana akauliza.

Wakatazamana. Birika lilikuwa kavu juu ya rafu, na wote wakageuka kumtazama Kinyozi.

"Kidole kinaniuma," akasema.

"Ndiyo maana," Bibi akamjibu, akamkabidhi birika. "Kaa kivulini, mwanangu. Pumzika."