Unga Ulioumuka Kuelekea Juu

Lydie aliingia darasani na beseni kichwani, binti yake Gracia mgongoni.

"Mama Gracia, weye umeleta chakula ao ekspoze?" aliuliza Mathieu, mcheshi wa masomo ya jioni, na benchi zima likacheka.

"Ekspoze yangu iko ndani. Ngoja, utaona."

Alijibu kwa ujasiri ambao hakuwa nao. Mara ya kwanza kutoa ekspoze, yaani kueleza somo mbele ya darasa, alikariri maneno ya kitabu, na Mwalimu Fulgence alipomwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe, akarudia yaleyale, akaangushwa. Leo ndiyo mara ya mwisho. Akianguka, jina lake halipelekwi kwenye Exetat, mtihani wa serikali, na mwaka mzima wa kusoma huku mtoto ananyonya unakwenda bure. Tangu walipokimbia vita kule Djugu, hakuna kitu alichokitamani kama cheti kile.

Swali lake lilikuwa hili: ulimwengu ulipokuwa mchanga kabisa ulipanuka ghafla, kwa kasi isiyosemeka. Je, kama mwanzoni ulivutika upande huu kuliko ule, upanukaji huo uliufanya kuwa sawa pande zote?

Lydie, kama wakaangaji wenzake wa mikate ya mafuta pale mtaa wa Lumumba, hapa Bunia, huupiga unga kwa mkono akizungusha upande mmoja tu. Ukigeuza, wamama watakusema unaiua mikate. Mistari ya vidole hubaki juu ya unga, kisha chachu inafanya kazi, unga unaumuka, mistari inapotea. Juzi aliliona hilo akapiga makofi peke yake jikoni. Ulimwengu si ndio huo!

Sasa akatua beseni mezani, akafunua kitenge kilichoifunika. Mistari ilikuwa imepotea kweli. Lakini unga ulikuwa umesimama juu ya beseni kama kofia ya askofu. Pembeni haukusogea hata kidogo.

Mwalimu Fulgence aliinama, akatazama. "Mistari imefutika, sawa. Lakini huu umepanda juu tu. Tofauti ya pande haijaisha, imezidi. Ao ni miye sioni?"

"Beseni ya Bunia iko na ulimwengu yake!" Mathieu alipiga kelele, na darasa likaangua kicheko.

Macho yakamchoma Lydie. Gracia naye akaanza kulia. Akamshusha, akampa ziwa akiwa bado amesimama, akaukodolea macho ule unga uliomwaibisha. Haukuwa na kosa. Wenyewe ulisukuma pande zote. Kuta za beseni ndizo zilizoukatalia.

"Mwalimu, kosa iko ku beseni," alisema polepole. "Siyo ku unga."

"Endelea."

"Kama kile kinapanua kinasukuma sawasawa kila pahali, tofauti ya pande inapungua mbio, karibu inaisha. Lakini kama kuko kitu chenye upande wake, na kinaendelea kuvuta wakati ule wote, sawa vile beseni inaendelea kukamata unga, alama inaweza kubaki. Kadogo, lakini iko. Na kama mwanzo ulipinda kupita kiasi, pengine upanukaji wenyewe hauanze."

"Basi jibu ni ndiyo ao hapana?"

"Mara mingi, ndiyo. Sikuzote, hapana." Akavuta pumzi. "Mwanga wa zamani wa mbinguni, wenye tunapima leo, uko karibu sawa pande zote. Karibu. Miye sitaapa zaidi ya pale."

Mwalimu Fulgence akajifuta chaki kwenye suruali.

"Siku ile ulitusomea kitabu, Mama Gracia. Leo umefikiri mbele yetu. Jina lako linakwenda."

"Linakwenda wapi?" aliuliza, akili imesimama.

"Exetat, mama! Unataka liende Kasenyi kuuza samaki?" Mathieu alisema, na yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Lydie aliketi kwenye benchi. Gracia aliachia ziwa, akacheua, maziwa yakatiririka juu ya blauzi ambayo mama yake aliipiga pasi kwa ajili ya leo. Lydie hakutafuta hata kitambaa. Alicheka tu, taratibu, huku Mwalimu akimwita mwanafunzi anayefuata.