Magoti ya Dada Prayong

Dada yangu Prayong ana baridi yabisi ya magoti mwaka wa tisa sasa, na kiburi alizaliwa nacho. Mwanawe wa pekee, Wirot, aliposema ataingia utawa wa Kibudha kabla ya msimu wa mvua, alilia kwa furaha, kisha akalia kwa hofu. Asubuhi ya kwanza mtawa mpya hupita mtaani na bakuli lake la sadaka, na mama yake humpigia magoti na kumtilia wali. Tena akishavaa joho la manjano, mtawa hamgusi mwanamke, hata aliyemzaa. Prayong akishindwa kunyanyuka, Wirot atasimama tu akimtazama.

"Nitakuinua mimi," nikamwambia.

"Uninyanyue kama gunia la mpunga mbele ya mtaa mzima? Koma, Lamyai! Nitapiga magoti mwenyewe na nitasimama mwenyewe."

Tukaenda kliniki ya tiba ya bangi, ambayo kwetu ni halali, kwenye hospitali ya wilaya. Daktari Benjawan akampa kichupa cha mafuta, matone mawili chini ya ulimi kila jioni.

"Lakini mafuta peke yake hayatakusimamisha, mama," akasema. "Yanatuliza maumivu ili uweze kufanya mazoezi. Kaa kwenye kiti, simama bila kujishika. Anza na mara tano."

Mafuta aliyapenda, mazoezi akayaonea haya. Nami nikaona matone mawili ni uchoyo. Mimi nauza supu ya kuku, na hapa kwetu kila mpishi anajua jani la bangi sufuriani linavyoikoleza supu. Hata marehemu mama alitia. Basi dada nikawa namtilia majani kumi katika bakuli lake, eti namsaidia.

Siku ya ibada hekaluni, katikati ya sala, Prayong akaanza kucheka.

"Masikio ya mkuu wa hekalu," akaninong'oneza, "yanacheza!"

Alicheka mpaka sala ikasita. Alipojaribu kusimama, kizunguzungu kikamtupa mapajani mwa mke wa diwani.

Tukarudi kliniki, nikakiri majani yangu. Daktari alinifokea mimi, si dada. "Dawa yake nimeipima. Wewe unamwongezea nyingine kwa kukisia! Angevunjika nyonga je?"

Nilikuwa nimekaribia kumuumiza dada yangu, nikaogopa kwelikweli.

Majani nikayaacha. Kesho yake nikaweka viti viwili mbele ya kibanda changu, nikaanza mazoezi mimi, na tumbo langu hili, ili watu wanicheke mimi badala yake.

"Lamyai, kiti kinaomba msaada!" akapiga kelele muuza samaki.

Prayong akacheka, na katika kucheka huko akasimama bila kujishika. Hata yeye alishtuka. Tukafanya tano, baada ya wiki kadhaa tukafikisha kumi, kisha tukahamia kwenye kigoda, mwisho kwenye mkeka. Siku nyingine magoti yalivimba, akafanya mbili tu, na badala ya zilizobaki akanitukana. Matone yalibaki mawili.

Ikafika asubuhi yenyewe. Wirot akaja pekupeku, kichwa na nyusi vimenyolewa. Prayong akapiga magoti, akatia wali, akapokea baraka. Akatanguliza mguu mmoja, akajisukuma, akakwama katikati.

Nikauona mkono wa Wirot ukichomoka kwenye joho, kisha ukarudi ndani. Uso wake ulinichoma moyo. Nikapiga hatua moja.

"Usithubutu," akasema Prayong bila kunitazama.

Akavuta pumzi. Akasukuma tena, miguu ikitetemeka, na akasimama. Alisimama wima kabisa, machozi yanamtiririka, na mimi yangu vilevile.

"Nenda, mtukufu," akamwambia mwanawe. "Wengine wanakusubiri."

Wirot akaenda. Prayong akamsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona.

"Haya," akaniambia, "sasa nishike."