Chupa Isiyowasha Macho

Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba macho hayakumwasha.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, naye alikuwa akifuta chupa za vipande vya nyama vilivyotolewa miilini mwa wagonjwa ili vipimwe, kama alivyofanya kila siku kabla ya kupiga deki maabara ya hospitali. Chupa hizo hutiwa fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze. Kwa macho ni maji tu, lakini kifuniko kikilegea kidogo, pua inachoma na machozi yanakutoka kama uliyefiwa. Chupa ya nne ilikuwa na ufa kwenye kifuniko, nayo imevuja mpaka kitambaa kikalowa. Akakinusa kitambaa. Hakikuchoma. Kilikuwa na harufu hafifu tu, kama ya nyama iliyolala.

Angemwambia nani? Fundi wa maabara alimbandika jina la Kimya, na jina likamkaa. Aliishia darasa la tano, na mbele ya makoti meupe ulimi wake uliganda. Akairudisha chupa mahali pake, akaendelea na deki.

Fundi mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Mdomo wake haukuwa na breki, lakini moyo wake ulikuwa mweupe. Kazi yake ilikuwa kukata vile vipande vyembamba kuliko karatasi, kuvitia rangi na kuvilaza juu ya vioo. Akimaliza humwachia Kimya achungulie kwenye hadubini, na kila mara Kimya alishika pumzi. Kilichokuwa kijinyama kikavu kiligeuka mji mzima wa vyumba vya waridi, kila chumba na nukta yake ya zambarau.

"Kila chumba ni seli," fundi alimwambia siku moja. "Nukta ni kiini chake, ndiyo injini. Hebu nipe mkono. Unaiona sugu hii ya fagio? Ngozi yako imesumbuliwa, seli zikajipanga tabaka juu ya tabaka. Hazikulalamika, kama wewe tu. Taabu ikizidi, zinavimba, zinajaa maji. Hapo zimeumia, ila ukiziondolea taabu mapema zinarudi kama zamani. Zikivuka mpaka, kiini kinasinyaa, kinafifia, kinapotea. Basi tena. Hapo hata umlete nani."

Maneno hayo Kimya aliyalaza na kuyaamsha, kwa sababu ya mguu wa mama mdogo. Mama mdogo ndiye aliyemlea, na alikuwa fundi wa cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Miaka ishirini ya pedali ilimwotesha sugu nene kama soli ya kiatu. Chini ya sugu hiyo kikazuka kidonda, na kingo zake zikaanza kuwa nyeusi. Sasa alikuwa wodi namba tatu. Jumamosi walimtoa kipande cha nyama ndani ya kidonda wapime kama ingali hai. Ikiwa imekufa, mguu ungekatwa juu ya kifundo.

Alhamisi asubuhi daktari wa maabara alikuwa ameinama juu ya hadubini, fundi kando yake. Kimya alikuwa akifuta dirisha nyuma yao.

"Imekufa yote," daktari alisema. "Hakuna kiini hata kimoja."

"Maskini. Ni yule fundi cherehani wa wodi namba tatu," fundi alijibu. "Wanamkata saa tano."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu. Kimya akaliacha dirisha, akageuka. Halafu akaiona mezani, kando ya kioo, chupa yenye ufa kwenye kifuniko.

"Haikuniwasha macho," alisema.

Fundi akageuka. "Eh! Kimya kasema! Jamani, andikeni tarehe!"

"Hiyo chupa. Jumatatu ilivuja, nikainusa. Hiyo si fomalini."

"Mimi nimeishika kwa mikono yangu, nisijue?"

"Na pua yako je?" daktari alimuuliza.

Fundi akajigusa pua. "Pua yangu ilikufa kwa fomalini miaka kumi iliyopita," akakiri. "Haitofautishi hata bafu na jiko."

Daktari alifungua chupa, akanusa, akaruka kutoka kitini. "Maji ya chumvi! Yale ya kuoshea vidonda wodini!" Akarudi mbio kwenye hadubini. "Tazama. Mwilini nyama ikifa, seli za ulinzi huikimbilia kama watu kwenye ajali. Hapa hakuna aliyekuja. Zimefifia zote kwa pamoja. Hizi hazikufia mguuni. Zimefia kwenye chupa!"

Alishika simu kupiga chumba cha upasuaji. Ilikuwa ikitumika. Akapiga tena. Bado inatumika.

Kimya hakungoja. Alitoka mbio na kitambaa mkononi, ngazi mbilimbili, kandambili moja ikabaki ghorofa ya kwanza. Mlangoni mwa upasuaji muuguzi alimtanulia mikono kumzuia.

"We msafishaji! Na mguu mmoja mtupu, unakwenda wapi?"

"Msikate!" Sauti ilimtoka kubwa hata yeye mwenyewe akashtuka. "Msikate! Kipande kilifia kwenye chupa!"

Kwenye kitanda cha magurudumu, mama mdogo aliinua kichwa. "Huyo ni mtoto wangu? Huyu huyu? Anapiga kelele?"

Nyuma, daktari alikuwa anakuja, anahema kama mtu aliyefukuzwa na nyuki.

Walitoa kipande kingine, na safari hii fundi alimpa Kimya chupa ainuse kwanza. Machozi yakamtiririka, akacheka huku analia. Jumamosi kioo kilipokuwa tayari, fundi alimpisha kwenye kiti.

"Anza wewe, Pua ya Hospitali."

Aliinama. Vyumba vilikuwa vimevimba, vimepauka, vingine vimejaa maji. Lakini katikati, kimoja baada ya kingine, nukta. Nukta. Nukta!

"Vimo!" alipiga kelele. "Viini vimo!"

Waliondoa nyama nyeusi ya kingoni tu. Mguu ukabaki, kwa sharti moja: pedali marufuku mpaka kidonda kipone.

Jioni, Kimya alikaa kando ya kitanda akimweleza mama mdogo yote, mikono ikichora hewani: sugu, uvimbe, mpaka usiovukwa. Mama mdogo alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza.

"Haya, nani kakufundisha haya yote, wewe uliyeikimbia shule?"

Miaka minane alisikia neno hilo, na miaka minane alinyamaza. Akaushika ule mguu, juu kidogo ya bandeji. Ulikuwa na joto.

"Sikuikimbia, mama mdogo. Nilikuwa nakuona ukikanyaga pedali huku umeuma meno, nikataka nikupokee mzigo. Shule niliipenda. Naipenda mpaka leo. Nataka kurudi."