Vijiko Vitatu

Mume wangu, fundi rangi, ni mtu wa vijiko vitatu vya sukari. Miaka kumi na tisa namkorogea chai, sijawahi kumuuliza. Basi siku moja namsuka mteja, akasema, "Shoga, mumeo anakunywa kahawa chungu kwa jirani yenu, fundi cherehani. Kila asubuhi." Nikamkaza msuko mpaka akagutuka.

"Mume wangu? Kahawa chungu?"

"Haina punje ya sukari. Wanatembea wawili, wakirudi wanakaa barazani kwake. Mimi sisemi kitu, napita tu."

Yeye anapita tu, mimi maini yanakatika. Fundi cherehani ni mjane, na kiuno bado hajakipoteza. Na bwana ananiaga kwamba anawahi kazini.

Kesho yake nikamfuata, mtandio usoni, kandambili moja yangu, nyingine ya mwanangu. Nikawakuta barazani wanajifuta jasho, vikombe viwili mbele yao.

"Karibu, shoga," akasema fundi cherehani, wala hakushtuka. "Nikutilie vijiko vingapi?"

Mimi naulizwa, mume wangu haulizwi. Hapo ndipo paliponichoma.

"Huyo nyumbani ni vitatu," nikasema.

Mume wangu akainamia kikombe. "Daktari kakataza, mke wangu. Sukari, bia, vya kukaanga. Na nitembee nusu saa kila siku. Ini lina mafuta."

"Uliniambia lini?"

"Siku ileile niliyotoka kupimwa, mwezi wa pili sasa. Nyumba imejaa wateja wako. Ukasema, 'Kama lina mafuta yake, tukilikaanga tusiongeze mengine.'"

Nikakumbuka. Walicheka hadi mmoja akapaliwa na soda. Mimi nilicheka kuliko wote, hata sikuona mume wangu ametoka saa ngapi.

"Huyu nilipomwambia hakucheka," akasema, akimwonyesha mwenzake kwa kidevu. "Marehemu mumewe alikwenda kwa ini."

Mngependa niwaambie wivu uliisha. Haukuisha, ulihama tu. Mwanzo nilimwonea yule mwanamke wivu wa kiuno, sasa namwonea wa masikio.

Nikajipenyeza katikati yao, benchi likalia. "Nimiminie kama yake," nikamwambia. Ilikuwa kama dawa ya minyoo, lakini sikukunja uso. Mbele ya yule? Thubutu.

Jioni nyumba ikajaa kama kawaida. Nikampa mume wangu kahawa yake mbele ya watu, haina sukari. Mteja mmoja akaanza, "Leo mzee kanyimwa..."

"Ini la mume wangu halichekwi humu," nikamkatiza, nywele zake mkononi mwangu.

Mume wangu akanywa taratibu, akaniinamia sikioni. "Ya jirani imekolea zaidi."

Mchokozi yule. Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni, kandambili zote mbili zangu.