Mvua Ndani ya Nyumba ya Mwali

Subira alikuwa amewekwa ndani akisubiri harusi yake ya Ijumaa. Nyumba ilikuwa ya matofali, na mama yake, Binti Atumani, aliipanga kutoka kwa Zéphirin, karani wa pamba hapa Kasongo. Mwali hakutakiwa kuonekana wala kusikika na mwanamume. Kwa hiyo madirisha yalifungwa, na matundu chini ya paa yakazibwa kwa matambara. Somo wake, Hawa, mwanamke aliyemfunda, alimfukiza asubuhi na jioni kwa chungu cha majani yaliyochemka.

Kuta zikaanza kutoka jasho. Pembe moja ya chumba ikaota kuvu nyeusi, na nguo za harusi zikanuka. Binti Atumani akamwita mwenye nyumba.

"Karani, nyumba yako iko inavuja! Mutoto wangu nimemuweka ndani ao mutoni?"

"Mama Subira, bati iko mupya. Nitaitoa yote, nione tundu."

"Utoe paa? Wageni wa harusi toka Kabambare nitawafunika na nini, ungo?"

Zéphirin alikuwa ameshapanda ngazi. Msumari wa kwanza ukang'oka.

Ndani, Subira alilala chali. Tangu awekwe humo, kazi yake ilikuwa kutazama juu, na alikuwa ameona kitu: kila chungu kilipofunuliwa, matone yalijaa chini ya bati, hata siku ambazo mvua haikunyesha. Angemnong'oneza Hawa, lakini Hawa alikuwa ameenda kuchuma majani. Msumari wa pili ukalia. Subira akapaza sauti.

"Baba, acha bati! Maji iko inatoka kwa chungu!"

Zéphirin akashusha nyundo.

"Nani huyo?"

"Mwali," akajibu Binti Atumani, mikono kichwani.

"Mwali gani huyu, ana sauti ya muuza samaki!"

Hawa, aliyekuwa anaingia na majani yake, alicheka mpaka akakaa chini.

"Sauti imeshatoka," akasema. "Basi aseme yote."

Subira akasema yote. Matambara yakatolewa. Chungu kikahamia uani, nyuma ya ua wa mabua. Dirisha likafunguliwa na mkeka ukatundikwa mbele yake, upepo uingie, macho yasiingie. Zéphirin akarudisha misumari, akasugua pembe kwa maji ya majivu, akapaka chokaa huku akiimba vibaya. Nguo zikaanikwa juani.

Ijumaa mvua kubwa ilinyesha katikati ya ngoma. Wageni wakatazama juu, wakagusa kuta. Kavu. Wakaendelea kucheza.